Kromosomu za Jongoo Bahari Mezani kwa Papa

Sijawahi kuiona bahari. Hata hivyo, kwa miaka mitatu hapa Lubumbashi nilichunguza kromosomu za jongoo bahari, mnyama laini wa chini ya maji anayefanana na tango. Mwenzake profesa wangu aliwafuga kwenye matangi, pwani ya mbali, akatutumia vichupa vya watoto wao wachanga waliokwisha kutiwa dawa. Mimi niliwapiga picha kwenye hadubini. Kompyuta ya maabara ilikuwa imekufa, kwa hiyo nilikata picha za kromosomu kwa mkasi na kuzipanga mbili mbili, moja ya baba na moja ya mama. Mpangilio huo ungetusaidia kuchora ramani ya jeni, na ramani ingekuwa tasnifu yangu ya udaktari.

Nilikatia nyumbani, Kampemba, kwenye meza ya kulia. Papa, yaani baba yangu, tangu astaafu kazi ya reli, aliuza viatu vya mitumba sokoni. Viatu vilifika vimevurugika ndani ya gunia, naye alikuwa na jicho la kukitafutia kila kimoja mwenzake. Jumapili moja baada ya misa alivuta kiti, akavaa miwani, akaanza kupanga nami.

"Hii na hii," alisema. Alipatia. Alipatia tena na tena, haraka kuliko mimi. Kisha akasimamisha mkono.

"Hii haiko na mwenzake. Na hii. Na hii." Alinitazama juu ya miwani. "Huyu mutoto, baba yake na mama yake habako nyama moja, habako aina moja."

"Papa, hii haiko viatu."

"Najua. Lakini uambie profesa."

"Nitamuambia."

Sikumwambia. Ripoti ilitakiwa wiki ileile, na picha nyingine nyingi zilikuwa zimekaa vizuri. Zile zisizo na wenzake nilizitia kwenye mbabula, jiko letu la makaa, mama akiwa anapikia bukari, ugali wetu, juu ya makaa hayohayo. Hazikuchukua hata dakika moja.

Papa alipouliza profesa alisema nini, nilijibu, "Alifurahi sana, Papa." Siku chache baadaye nilipita sokoni, na mama mmoja anayeuza mboga karibu na Papa akaniuliza kama ni kweli papa yangu anasaidia maprofesa wa université. Papa alijifanya hasikii, akaendelea kufunga kamba za kiatu.

Mwaka uliofuata ujumbe ulifika kutoka pwani. Aina mbili za jongoo zinazofanana zilikuwa zimewekwa tangi moja bila mtu kujua. Jongoo hao walimwaga mayai na mbegu pamoja, na watoto wengi tuliotumiwa walikuwa machotara. Ramani yangu haikuwa ya mnyama yeyote aliyeko duniani.

Profesa aliniita ofisini. Hakunikaripia.

"Mademoiselle, haukuona kitu hata kimoja?"

"Hapana, Profesa."

Alitikisa kichwa polepole. "Basi, sisi wote wawili tulikosa kuona." Akanishika mkono kunipa pole. Afadhali angenifukuza.

Tuliomba vichupa vipya. Kwanza tuliambiwa tungoje, halafu matangi yakafungwa, halafu barua zetu hazikujibiwa tena. Tasnifu ilifia hapo. Nilipata kazi ya kufundisha biolojia kwenye shule moja huko mtaa wa Golf, na mpaka leo niko hapo.

Papa nilimwambia ukweli baadaye, akiwa kwenye ngazi ya mlango anapiga kiatu brashi.

"Zile ulizoona, nilichoma."

"Ulichoma?"

"Ndiyo, Papa."

Brashi ilisimama. "Na profesa? Anajua kama mi niliona?"

"Hapana."

Akachukua kiatu cha pili, akakipiga brashi mpaka kikang'aa, akaingia ndani.

Profesa sasa amestaafu. Mara mbili nimemwandikia barua ya kukiri, na zote mbili ziko kwenye droo yangu. Jioni nasahihisha madaftari ya wanafunzi kwenye meza ileile, peke yangu. Papa akirudi kutoka sokoni husimama mlangoni, huvua kofia, hunisalimia kwa adabu kama mtu anayesalimia mgeni, kisha hupita kwenda chumbani kwake.