Deni la Nusu Kichwa

"Mimi sikukesha kwenye basi nije kutazama maua! Maua hata kwetu yapo, mbuzi wanayala!"

Msusi alikuwa amesimama kwenye geti la nyuma la hoteli, lile la wafanyakazi, mkoba begani na mkono kiunoni. Mlinzi, mzee wa makamo mwenye koti lililomzidi mabega, alitazama huku na huku.

"Mama, punguza sauti. Wageni watasikia."

"Wasikie! Kwani wao hawana mama zao? Binti yangu yumo humo, chumba cha kufulia. Niitie nimwone tu uso, nami niondoke."

"Leo hata mimi nikiita hatoki mtu. Hoteli imejaa mpaka kwenye ngazi. Wiki ya maua hii. Subiri zamu yake iishe."

"Inaisha lini?"

Mlinzi akajikuna shingo. "Maua yakiisha."

Hiyo ilikuwa safari yake ya tatu mjini, na zote tatu zilikwenda hivyohivyo.

Msusi huyu mumewe alimwacha zamani, tena bila hata ugomvi. Aliaga anakwenda kutafuta kazi, akapata kazi na mke juu. Basi akamlea binti yake huyo mmoja kwa vichwa vya watu, kwenye kibanda cha bati chenye kioo chenye ufa na viti viwili, kimoja cha mteja na kimoja cha umbea. Binti alipopata kazi ya kufua mashuka mjini, nyumba ilinyamaza. Msusi akaanza kuchelewesha wateja. Mtu kichwa kimeshakwisha, kalipa, anataka kwenda zake, yeye bado anampapasa utosini: "Hebu kaa, huu mstari kama umependa upande." Mstari ulikuwa umenyooka. Alikuwa anaogopa kufunga mlango.

Habari za kwenda mjini zilipangwa kwenye simu. Akisema anakuja, binti anamkatiza: "Usije sasa, Mama. Mji umekaa tu. Subiri mbio za baiskeli." Au subiri usiku wa taa. Au subiri maua. Binti alitaka mama yake aukute mji umevaa. Msusi naye hakukataa, maana kwenye sherehe mabasi hupunguza nauli, na wateja wangetaka kusimuliwa. Akazungushia tarehe kalamu kwenye kalenda iliyoning'inia kando ya kioo, akatenga na gauni.

Wala hakuna aliyefikiria jambo dogo tu: wageni wakija kutazama, lazima pawe na mtu wa kuwafulia mashuka.

Kwenye mbio za baiskeli aliona vigimbi vya wanaume kutoka nchi za watu. Binti yake aliambulia kumwona mgongo tu, akikimbilia zamu. Usiku wa taa kidogo bahati ilicheka. Binti alipata ruhusa ya jioni, akakaa sakafuni chumbani kwake, kati ya magoti ya mama yake, kama alipokuwa mdogo. Msusi akaanza upande wa kulia, mstari kwa mstari, wakicheka habari za majirani. Upande huo ulipokwisha, simu ikalia. Wageni wameongezeka, rudi.

Binti akajifunga kitambaa kichwani, upande mmoja umesukwa, mwingine umesimama kama kichaka. Akateremka ngazi akicheka. "Mama, nakudai nusu kichwa!"

Msusi akabaki na chanuo mkononi. Taa za sherehe kutoka barabarani zikawa zinapita ukutani, nyekundu, kijani, nyekundu. Asubuhi binti alirudi, akaanguka kitandani na viatu vyake. Msusi akamvua viatu, akamfunika, akaenda kupanda basi bila kuaga.

Sasa maua. Kutoka getini alirudi kwenye chumba cha binti, akapika chakula cha watu wawili, akala cha mmoja. Chini dirishani yalipita magari yaliyojaa maua, watu wanapiga makofi. Alipiga na yeye kidogo, akaona haya, akaacha.

Binti aliingia amechoka, macho mekundu kwa sabuni. "Umeyaona, Mama?"

"Nimeyaona. Mazuri sana."

"Nilijua utafurahi." Akalala hata hajala.

Asubuhi, akienda stendi, Msusi alipitia lile geti akampa mlinzi kile chakula. Mlinzi akala amesimama. "Mke wangu huja mvua zikianza," alisema. "Mji unakuwa hauna kitu, lakini mimi ninapatikana."

Neno hilo lilirudi naye nyumbani. Wiki nzima alivuta vichwa vya watu.

"Dada, unaniumiza!"

"Nyamaza. Ungekuwa na nywele za kushikika nisingevuta."

Siku moja akageuza kalenda mpaka mwezi wa mvua, ukurasa usio na sherehe hata ya kusingizia. Akapiga simu.

"Mwezi huo hakuna kitu, Mama! Utaona nini?"

"Nitakuona wewe. Au na wewe kukuona ni kwa tiketi?"

"Njoo," binti akasema.

Nauli alilipa kamili, akanung'unika njia nzima. Mji ulikuwa umelowa. Mafundi walikuwa wanashusha nyaya za taa, na vyuma vya kubebea maua vimetupwa uwanjani vinashika kutu. Lakini stendi alikuwapo mtu wa kumpokea, binti mwenyewe, na mwavuli uliovunjika ubavu. Safari zote zile, hakuwahi kupokewa.

Chumbani maneno yaliwaishia upesi. Hapakuwa na baiskeli wala taa za kuzungumzia. Walikunywa chai, wakasikiliza mvua, kila mmoja akitazama kikombe chake kama mgeni. Kisha binti akainuka, akaleta chanuo, akakaa sakafuni.

"Anza kushoto."

"Kichwa kizima umeshafumua, kushoto kuna nini?"

"Ndiko ninakokudai."

Msusi akasuka kushoto. Alisuka polepole, kama anavyowasuka wale asiotaka waondoke. Katikati binti alisinzia, kichwa kikamlalia gotini, naye akasubiri mpaka akaamka mwenyewe. Mstari wa mwisho ulipokwisha, binti akajipapasa.

"Haya, hatudaiani."

"Hatudaiani. Ila utatokaje nje na nusu kichwa?"

"Mvua yote hii, Mama, tunakwenda wapi?"

Msusi akasogeza kiti upande wa kulia.