Povu Mdomoni, Mto Nepean

Jamani, kuna aibu mtu unaificha, na kuna nyingine bora uisimulie mwenyewe kabla wenzio hawajakuwahi, na hii yangu ni ya aina hiyo, maana pale mtoni kulikuwa na kaka mmoja wa baiskeli alikuwa na simu mkononi na mpaka leo sijui kama alirekodi. Kwa hiyo naisema. Mimi Stela, mwanamke mzima wa miaka thelathini na minne, mhudumu wa wazee ninayeaminiwa hadi funguo za kabati la dawa, nilitafuna sabuni hadharani, Jumamosi, mchana kweupe, mbele ya mama mkwe mtarajiwa.

Mama yake Gervas (Gervas ndiye mchumba wangu, anafanya kazi kwenye ghala moja kule Wetherill Park) ni mwalimu mstaafu, na alikuwa amekuja Doonside, mtaa wetu hapa Sydney, kututembelea kutoka Ukerewe. Kila mtu alijua hakuja kuona madaraja ya Sydney. Alikuja kuniona mimi. Akirudi, kikao cha ukoo kilikuwa kinamsubiri, na neno lake ndilo lingeamua kama washenga watapeleka barua ya posa kwetu Ifakara au kama Gervas ataanza kutafutiwa binti wa karibu na nyumbani. Zilikuwa zimebaki siku nne apande ndege, na siku zote hizo hakuwahi kuniita kwa jina. Aliniita "huyu rafiki yako". "Gervas, mwambie huyu rafiki yako chai imeniishia." Na mimi nipo hapo hapo, birika nimelishika!

Sasa Ijumaa jioni nikapika samaki wa friza, nikawaunga kwa nazi, nikajitahidi kwelikweli, mama akala matonge mawili akanawa mkono. "Samaki hawa walikufa siku nyingi," akasema, tena kwa upole, na upole ndio unaouma. Hapo ningesema tu pole mama, tukalala salama. Lakini kunyamaza kwangu ni kazi ngumu, nikajisikia nasema, "Usijali mama, kesho nakupeleka mtoni nikakuvulie kambare mimi mwenyewe. Mtoto wa Ifakara mimi, kambare nimewavua tangu niko darasa la kwanza."

Gervas akanikodolea macho. Nikamkanyaga mguu chini ya meza.

Ukweli ni kwamba sijawahi kuvua hata dagaa. Mama yangu alikuwa mkaanga samaki sokoni, kwa hiyo ninachojua ni kumpaka chumvi, kumgeuza kwenye mafuta, na kumfukuza paka. Lakini mimi ni mtu wa kujiamini, nikajiuliza, samaki ni nani hata anishinde? Usiku huo huo nikakimbilia duka moja Blacktown kabla hawajafunga nikanunua fimbo ya kuvulia na ndoana zake, na asubuhi saa kumi na mbili nikajifungia chooni nikakata leseni ya kuvua kwenye simu, bomba nimelifungulia maji ili mama asisikie kitu (kana kwamba leseni inapiga kelele).

Chambo ndicho kilichoniponza. Wajomba zangu walikuwa wakiwatega kambare kwa sabuni ya mche, ile ya bluu ya kufulia, wanaikata vipande wanavichomeka kwenye ndoana, na hapo sidanganyi, niliona kwa macho yangu. Sasa sabuni ya mche utaipata wapi Doonside alfajiri? Nikachukua ya kuogea, ile ya bafuni, yenye harufu ya waridi, nikaikatakata. Halafu nikaona niiongezee nguvu, nikaponda maini ya kuku nikavipaka vipande vyote vizuri, nikavitia kwenye kopo la aiskrimu. Wazo la kuchanganya ni langu peke yangu, wajomba zangu msiwalaumu.

Gervas akaenda zamu, sisi wawili tukapanda treni ya Penrith, mama ndani ya koti la Gervas linalomfika magotini, mimi na fimbo yangu nimeishika wima, abiria wakitupisha. Tukafika mtoni. Ilikuwa mwanzo wa Septemba, wenyeji wanasema baridi imekwisha na miti inachipua, na kweli jua lilikuwepo, lakini mama alichovya vidole majini akavitoa haraka.

"Maji bado baridi mno, binti," akasema. "Kambare saa hizi kalala chini kabisa, hali kitu. Ngoja mchana, jua lipige pale kwenye kina kifupi, ndipo atasogea."

Mwenye akili angesikia hapo. Mimi nikamjibu, "Hawa wa huku mama wana tabia zao."

Akaguna. Akafunua kopo, akatoa kipande, akanusa.

"Sabuni. Hata kwetu wanategea sabuni. Lakini hii si ya kuogea?"

"Ndiyo mama."

"Haya. Labda wana harusi." Akaigusa fimbo. "Na karatasi ya bei mbona bado inaning'inia?"

"Hii ni ya akiba mama, yangu ya siku zote ilivunjika."

Nikarusha. Ndoana ikanasa kwenye mti nyuma yangu. Nikainasua, nikarusha tena, ikanasa kwenye mti ule ule. Mara ya tatu ikafika majini nikashangilia peke yangu, kumbe sabuni ilishachomoka ikabaki majanini. Tukaendelea hivyo mpaka karibu saa sita, mama kakaa kwenye jiwe anamenya chungwa lake taratibu, na mimi kila nikimtazama naona kikao cha ukoo kimekaa naye pale pale kwenye jiwe.

Ndoana ikanasa mtini kwa mara ya kumi hivi, nikavua viatu nikaparamia tawi. Niko huko juu, nikasikia kitu kinalamba. Nikageuka. Kijibwa cheupe, cha manyoya mengi, kimeingiza kichwa chote ndani ya kopo langu! Maini ya kuku jamani, mbwa gani atayapita? Nilipofika chini kilikuwa kimeshakula vipande vinne na kinatafuna cha tano, na povu linakitoka pande zote mbili za mdomo.

Mwenye mbwa, mama mmoja wa Kizungu, akafika mbio. Akaliona povu. Yowe alilopiga lilitoa watu kwenye mabenchi yote, kaka wa baiskeli akasimama, na kati yao akaja afisa uvuvi aliyekuwa akipita kukagua leseni ukingoni. "Amempa mbwa wangu sumu!" mama yule analia. Nikamwambia si sumu, ni sabuni. Afisa akaniuliza, kwa adabu kabisa, "Sabuni ya nini, mama?" Nikamwambia ya kuvulia samaki. Watu wakatazamana. Niliona kabisa hakuna hata mmoja aliyeniamini.

Hapo ndipo kujiamini kwangu kulipopanda kichwani. Nikasema, "Mnadhani nasema uongo? Tazameni!" Nikachukua kipande, na maini yake, nikatia mdomoni, nikatafuna.

Nisiwadanganye, ladha yake sitaisahau. Waridi kwanza, halafu maini mabichi, halafu machozi. Nikataka kutema lakini watu wananiangalia, nikatafuna tena kuthibitisha, na povu likaanza kunitoka na mimi. Kijibwa kinaniangalia, nakiangalia, wote tunatoa povu. Kikatapika kwanza, kikatikisa mkia, kikataka kurudi kwenye kopo. Afisa alikuwa ameshampigia daktari wa mifugo, akasema kipewe maji mengi tu, hakina neno. Kuhusu mimi hakuna aliyeuliza.

Mama akanyanyuka jiweni, akaja mpaka pale. "Wanasemaje?"

Sasa mimi nilikuwa sijawahi kumsikia mama huyu akisema neno la Kiingereza. Televisheni ikiwashwa anasema zimeni makelele. Nilijua ni mwalimu, sikuuliza wa somo gani. Nikafuta mdomo kwa mkono nikamwambia, "Wanasema mama, wamependa sana mbinu zetu."

Afisa akaomba leseni. Nikampa simu, akasoma, akatabasamu. "Umeikata leo saa kumi na mbili asubuhi," akasema. "Ndiyo mara yako ya kwanza kuvua, siyo?"

"Na huyu?" mama akauliza.

"Anasema hii leseni yangu ni ya wataalamu." Neno wataalamu likatoka na povu jipya.

Mama akamgeukia afisa, akaliweka sawa koti la Gervas, na kikatoka Kiingereza, jamani, kilichonyooka, kila neno mahali pake, afisa mwenyewe akasimama wima. Akasema hivi: "Bwana afisa, naomba radhi kwako na kwa mwenye mbwa. Mkwe wangu hajawahi kuvua samaki maisha yake yote, na leo amesema uongo tangu asubuhi. Lakini kuhusu sabuni amesema kweli, kwetu ndivyo wanavyovua, na mmeona alivyoila kulithibitisha hilo."

Mimi aibu ilinishika mpaka masikio yakawa yanawaka. Uongo wangu wote, wa jana na wa leo, alikuwa akiuhesabu tu kama anasahihisha daftari. Afisa akanionya nisitupe tena sabuni mtoni, mwenye mbwa akanipa mkono, watu wakatawanyika, na mimi nimesimama pekupeku ndio kwanza neno linaingia akilini. Mkwe wangu. Amesema mkwe wangu! Nikalia pale pale, povu na machozi pamoja.

"Nilifundisha Kiingereza miaka thelathini na moja," akasema, akinipa kanga yake nijifute. "Wanafunzi waongo nimewaona wengi. Anayekula sabuni ili aaminiwe ndio namwona leo. Haya, nikatie na mimi leseni, sivui kama mwizi."

Nikamkatia. Akaenda kwenye kina kifupi upande wenye jua, akachomeka kipande cha maini ambayo sikuyaponda, yaliyobaki kwenye mfuko wa plastiki, kisicho na waridi, na kwenye saa tisa akamvuta kambare mwenye mkia mrefu kama mkunga. Nikarukia kumshika, akanizaba kofi mkononi. "Ana miiba huyo! Leo umeshajionyesha, inatosha."

Jioni Gervas akaingia, akafunua sufuria, akauliza nani kavua. Mama akasema, "Mkwe wangu kaleta chambo, mimi nimetoa mkono."

Barua ya posa ilifika Ifakara mwezi uliofuata. Na mimi mama akanitumia kifurushi kwa mtu aliyekuwa anasafiri kuja huku: mche mzima wa sabuni ya bluu, umefungwa kwenye gazeti, na karatasi yenye mwandiko wa ubaoni, "Hii haina manukato." Nimeapa sivui tena, na nikiulizwa nisichokijua najitahidi kusema sijui (naendelea kujifunza, msinicheke). Sabuni yenyewe nafulia mashati ya Gervas, kidogo kidogo isiishe, na povu likianza kupanda nafunga mdomo.