Alikimbia Kilomita 11 Kuwahi Mwisho wa Marathoni

Saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Bekoji, katika milima ya Arsi nchini Ethiopia, inauma masikio, na Lomi Badhaso anakaanga shayiri ya kolo, kitafunio cha huko. Mkono unageuza punje juu ya kikaango. Miguu tayari imo ndani ya raba. Akiepua hii atapanda mlima mbio, ateremke, kisha aende sokoni kuuza.

"Nisipokimbia, kolo inaungua," anasema huku akicheka. "Akili inakuwa barabarani."

Lomi ana miaka 51. Hajawahi kuvaa namba kifuani. Lakini tangu akiwa na miaka kumi na mmoja, alipochungulia televisheni ya ukumbi wa ushirika kupitia dirisha, hajakosa marathoni hata moja ya ubingwa wa dunia wala ya Olimpiki. Moja aliitazama akiwa na uchungu wa kumzaa bintiye, akimfukuza mkunga aliyemzibia kioo.

"Mbio fupi ni kama chafya," anasema. "Marathoni inakupa muda wa kumjua mtu."

Mwaka jana nusura akose.

Bintiye, anayefanya kazi ng'ambo, alimwandikia kwamba marathoni ya wanawake ya ubingwa wa dunia ingeanza Jumapili, 7:30. Waethiopia huhesabu saa kama Waswahili, kwa hiyo Lomi akasoma saa saba na nusu mchana. Binti, aliyekwisha kuzoea ugenini, alikuwa ameandika kwa hesabu ya huko, inayoanzia usiku wa manane: maana yake ilikuwa saa moja na nusu asubuhi ya Bekoji. Bastola ilipolia, mama yake alikuwa anafunga kamba za raba, aanze kupanda mlima.

Huko juu, kilomita kumi na moja kutoka mjini, alikutana na mzee Hirpa juu ya farasi, redio ikining'inia kwenye tandiko.

"Lomi! Kuna msiba?"

"Kwa nini, baba?"

"Marathoni iko kilomita ya ishirini na nne, nawe unakula upepo huku!"

Lomi akatazama saa yake. Ilibaki kama saa moja mbio ziishe. Kwa kawaida yeye huteremka kwa saa moja na dakika kumi.

"Panda nyuma yangu," mzee akamwambia.

"Farasi huyu? Si atanifikisha Olimpiki ijayo!"

Akageuka, akateremka kama aliyefukuzwa na nyuki. Hirpa akamfuata kando, redio imefunguliwa mpaka mwisho.

"Wamebaki saba!"

"Msichana wetu wa Arsi je?"

"Wa tatu! Wanaongeza mwendo!"

Lomi naye akaongeza. Mtangazaji akipaza sauti, naye anarefusha hatua. Darajani, zikiwa zimebaki kilomita tatu kufika mjini, betri za redio zikafa.

"Hapo ndipo nilipoumia," anasema. "Sijui kaachwa, sijui kaanguka. Nikawa namwambia tu, mwanangu, usimalize bila mimi."

Zinash, mwenye mgahawa wa chai ambako mji mzima hutazamia mbio, anasema watu walikuwa wamejaa hadi mlangoni. "Mara wa nje wakaanza kupiga vigelegele. Nikafikiri wameona kitu ambacho sisi wa ndani hatujakiona. Kumbe ni Lomi anakuja, kitambaa kimemvuka kichwani! Nikampigia kelele: shoga, kimbia, bado kilomita moja!"

Wakampasulia njia. Kwenye kioo walikuwa wamebaki wawili. Msichana wa Arsi aliongoza, akapitwa; kisha, mita hamsini kabla ya utepe, akainua kichwa na kupita tena. Meza ikapinduka. Kahawa yote ikammwagikia Zinash, asijali.

Kinyozi wa jirani ndiye aliyekumbuka kuuliza ametumia muda gani. Lomi akatazama saa yake: dakika hamsini na nane. Hajawahi kuteremka mlima ule kwa kasi hiyo, hata alipokuwa msichana.

"Leo wameshinda wangapi?" kinyozi akauliza.

"Mmoja," Lomi akajibu. "Mwingine anaomba maji."

Sasa amepiga picha ya pasipoti. Ubingwa ujao anataka kuutazama kando ya barabara, na mahali pake amekwisha kupachagua.

"Wengine wagombanie utepe," anasema, akiepua shayiri. "Mimi nitasimama kilomita ya thelathini na tano, pale uso unapoacha kudanganya. Akipita msichana wetu nitamwita kwa lugha ya nyumbani, mara moja tu, kwa sauti ya sokoni. Atajua hayuko peke yake."