Meno Ishirini na Saba ya Bi Hamira

Kwao Bi Hamira, mwanamke hakufika hamsini akiwa na meno yake. Mama yake aling'olewa ya mwisho akiwa na miaka arobaini na tisa. Dada yake mkubwa alifuata, na tangu hapo meno yake ya bandia hulala kwenye bilauri dirishani. Watu wa nyumba ile walilitaja jambo hilo kama mtu anavyotaja urefu wa pua: ndivyo walivyoumbwa, basi.

Bi Hamira alikuwa mwokaji. Wenzake wa bekari walimpa jina la Hamira kwa sababu hasira zake huumuka polepole, lakini zikishaumuka hazirudi chini. Alikuwa na miaka arobaini na saba, na ishirini na miwili kati ya hiyo alikuwa ameimalizia hapo hapo, kwenye meza moja ya bati. Yeye ndiye aliyeonja. Rojo la keki, krimu, sukari ya kupambia, biskuti zikitoka tanurini, vyote vilipita kwanza kwenye ulimi wake, punje kwa punje, tangu saa moja asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Chai yake ilikuwa na vijiko vinne vya sukari, na chakula cha mchana kilikuwa mkate uliovunjika ambao hauwezi kuuzwa.

Siku moja aliuma skonzi, akaona alama ya damu kwenye kipande kilichobaki mkononi. Gego la chini lilikuwa likimsumbua muda mrefu, akilinyamazisha kwa karafuu. Siku hiyo hakulinyamazisha tena. Alivua aproni, akaenda kliniki.

Daktari wa meno alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, asiyepandisha sauti. Alipekua kinywa kizima kwa kioo chake kidogo, kisha akauliza, "Mama, unafanya kazi gani?"

"Naoka."

"Na unaonja?"

"Sasa nitajuaje kama imekolea?"

Daktari akamweleza. Vijidudu vya kinywani vinakula sukari na wanga, na vikishakula vinatoa asidi inayolainisha meno. Mate huirekebisha hali hiyo, ila yanahitaji muda. "Wewe huyapi muda. Kila robo saa unaviletea chakula kipya." Gego moja lilikuwa limekwisha, halina budi kutoka. Meno manne yalikuwa yametoboka, yangezibika. Fizi zilikuwa zimevimba.

"Kwetu yanatoka yote," Bi Hamira alisema. "Ni ya kurithi."

"Labda mmerithi meno laini kidogo. Au labda mmerithi chai ya vijiko vinne. Mimi siwezi kujua."

Maneno hayo yalimkaa moyoni. Gego likang'olewa siku hiyo, yakabaki meno ishirini na saba. Akiwa bado na pamba mdomoni alipitia kwa dada yake.

"Ya nini kuteseka na moja moja, mdogo wangu?" dada mtu akamwambia. "Nenda ukatoe yote upumzike. Mimi tangu nimetoa sijui kuumwa ni nini."

Bi Hamira akatoa pamba. "Nimebakiza ishirini na saba, dada. Hayatoki."

"Mama naye alisema hivyo hivyo."

"Mama hakuna aliyemweleza sababu."

Kuanzia kesho yake aliacha sukari, mkate, wali, viazi na kila kitu cha unga. Daktari hakumwagiza afike mbali hivyo. Alitaka tu aache kudonoa donoa. Lakini Bi Hamira hakujua kufanya jambo nusu. Alikula mayai, samaki, mboga za majani, parachichi na karanga. Mumewe, fundi wa redio asiyependa maneno, alitazama sahani, akauliza kama na yeye amewekwa kwenye adhabu hiyo. Akapikiwa wali wake.

Shida ilikuwa kazini. Kuonja hakukwepeki, basi akaweka vikombe viwili mezani: kimoja cha maji, kingine cha kutemea. Alionja, akatema, akasukutua. Meneja alimvumilia wiki moja. Ya pili akamwita pembeni.

"Bi Hamira, wateja wanakuona kupitia kioo cha dukani. Mwokaji anatema keki yake. Watasema tumetia nini?"

"Waambie natunza meno."

"Na mkate pia huli. Watu wanazungumza."

"Bosi, unanilipa nioke mkate. Hunilipi niule."

Meneja hakupenda. Kesho yake alimhamishia chumba cha nyuma, kupakia mikate kwenye mifuko, kazi ya wanaoanza. Alidhani Bi Hamira ataomba msamaha. Alikaa huko miezi miwili akifunga mifuko, akila karanga zake saa sita, na aliyemuuliza lini anarudi mbele alijibiwa, "Waulize walionileta huku." Kisha aliyewekwa mahali pake akapata kazi kwingine, na meneja akamrudisha bila neno. Akarudi na vikombe vyake viwili.

Baada ya miezi mitatu alikwenda kliniki kifua mbele. Fizi hazikuvuja damu tena hata akisugua kwa nguvu. Daktari alikubali: zilikuwa zimetulia, na hapakuwa na tundu jipya. Halafu akagusa meno ya mbele, Bi Hamira akaruka kitini.

"Unakunywa nini, mama?"

"Maji ya limau. Nasikia yanakwenda vizuri na chakula hiki. Kutwa nzima nakunywa."

"Limau nalo ni asidi. Sukari umeifungia mlango, kisha wewe mwenyewe ukaingiza asidi kwa dirishani."

Bi Hamira alibisha. Alimkumbusha daktari kwamba ameacha wali, jambo ambalo watu wazima wanalilia. Akauliza pia mbona mdomo wake siku hizi una harufu ya matunda yaliyovunda, mpaka mumewe hulala amegeukia ukutani. Daktari alimjibu kwamba mwili ukikosa wanga unachoma mafuta, na harufu hiyo hutoka na pumzi, mswaki hauimalizi. Anywe maji matupu ya kutosha, au arudishe wanga kidogo wakati wa mlo. "Chakula chako kimesaidia, sikukatalii. Lakini hakizibi tundu. Yale manne bado yako wazi, na umekuwa ukinikwepa."

Hilo lilikuwa kweli. Alikuwa amejidanganya kwamba akila vizuri ataikwepa ile mashine ya kutoboa. Akafungua mdomo. Yalizibwa mawili siku hiyo, mawili wiki iliyofuata. Limau aliliacha. Wali alirudisha, kijiko cha kupakulia kimoja mchana, akala akamaliza, akafunga kinywa mpaka jioni. Mkate hakuurudia. Hakuna aliyemkataza, alisema tu kwamba ameuona wa kutosha.

Alitimiza hamsini na meno yake yote ishirini na saba, akapita. Mwaka huo binti wa dada yake, mwalimu wa chekechea wa miaka thelathini, alivimba shavu. Bi Hamira alipofika aliwakuta wamekwisha kuvaa viatu, mama mtu akisema watang'oa jino hilo na lile la pembeni yake kabla nalo halijaanza.

"Anakwenda na mimi," Bi Hamira alisema.

"Mtoto ni wangu."

"Ni wako. Meno ni yake. Mmemuuliza?"

Binti, shavu mkononi, akamtazama mama yake, akamtazama mama yake mdogo, akasimama upande wa mama mdogo. Walitoka watatu, kwa sababu dada mtu naye hakukubali kuachwa. Kliniki alikaa kwenye benchi akinung'unika kwamba wanapoteza muda, kwamba anaijua familia yake. Bi Hamira aliingia ndani na mpwa wake, akavuta kiti karibu na kile kikubwa, akamwambia daktari, "Huyu anakunywa soda tatu kwa siku. Mwambie wewe, mimi nikisema wanaona kelele. Na usimtoe hata moja bila kunionyesha kwanza."