Usiende Kuomba Bila Jembe

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilipotoka intaneti kafe ya Mwembesongo nimenuna kama mtu aliyeibiwa. Nilikuwa chuoni, nasoma kompyuta. Enzi zile za ubinafsishaji baba alikuwa amepunguzwa kiwandani, na ajira za serikali tulizoahidiwa tangu shule ya msingi zilishakuwa hadithi. Nikasikia kuna mpango wa nje unaochukua wanafunzi na kuwapa mlezi wa kazi, wajifunze kutengeneza programu huria, zile ambazo yeyote anaruhusiwa kuzifungua ndani na kuzirekebisha. Niliutaka mpango ule kuliko kitu chochote. Bila huo, niliona nitamaliza chuo nirudi kukaa na baba barazani, wawili tusio na kazi.

Basi nikamwandikia mlezi mmoja, wa programu ya kuandikia tuliyoitumia chuoni, kama tulivyofundishwa: "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Nikamsifu mlezi, nikaeleza shida za nyumbani, nikamalizia kwa kutumaini kwamba ombi langu litakubaliwa. Ilikuwa barua nzuri, hata leo naisifu! Yule mlezi akajibu kwa mstari mmoja: "Asante. Umeshatengeneza nini kwenye programu yetu?"

Hata salamu hakuna? Nikaapa sitamwandikia tena, nikapanda zangu Mgeta kwa bibi, mama yake mama.

Nilimkuta shambani. Majirani walikuwa wanamlimia matuta ya maharage, kama yeye alivyowalimia wao. Nikasimama pembeni na viatu vyangu vya mjini, nikaanza: shikamoo bibi, shikamooni wote, poleni na kazi, mvua zinasemaje huku...

"Marahaba," bibi akanikatiza. "Jembe lako liko wapi?"

"Bibi, nimekuja kusalimia tu."

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe si mgeni hata siku moja! Hapa hatuangalii nani kaomba vizuri, mjukuu wangu. Tunaangalia nani alikuja akalima."

Nikapewa jembe. Tuta langu likapinda, na jirani mmoja akapaza sauti mbele ya wote, "Hilo maji yatalibomoa, rudia!" Nikarudia. Hakuna aliyenicheka, wala hakuna aliyenibembeleza. Tulipokaa kula nilikuwa mmoja wao, na malengelenge mkononi. Hapo ndipo nilipomwelewa yule mlezi.

Nikashuka mjini. Programu yao nilikuwa na ugomvi nayo siku nyingi: umeme ukikatika, na kwetu ulikatika kwelikweli, kila ulichoandika kinapotea. Nikaifungua ndani, nikahangaika mpaka ikawa yenyewe inahifadhi kazi. Kazi yangu nikaituma kwenye ukumbi wao wa mtandaoni, pale ambapo wote wanaona. Wakanikosoa hadharani, uso ukaniwaka. Nikarudia. Wakakosoa tena, nikarudia tena. Mwishowe wakaipokea.

Nafasi za mwaka ule zilikuwa zimekwisha, lakini asiyekubali kushindwa si mshindani. Niliendelea kurekebisha vidogo vidogo, na mwaka uliofuata nikaomba kwa maneno machache. Yule mlezi akajibu kwa mstari mmoja vilevile: "Karibu. Tulikuwa tunakusubiri." Nililia palepale kafe, mwenye kafe akadhani nimefiwa.

Leo umeniletea maombi yako ya mpango kama ule niyakague kabla hujayatuma. Ni mazuri, mwanangu, mazuri kama yangu. Lakini mkono mtupu haulambwi. Yaweke kando kwanza. Tafuta kasoro moja ndogo inayokuudhi, itengeneze, itume hata kama haijakupendeza, ukosolewe mbele za watu, urudie. Wala usimwombe huruma mtu anayetafuta mwenzake wa kazi.

Mungu akubarikie mikono yako, akupe moyo usiovunjika kwa kukosolewa, na siku utakapoomba, wawe wameshalijua jembe lako.