Saa Nane na Nusu Kutoka London

Kutoka London hadi Nairobi ni karibu kilomita elfu sita na mia nane, na ndege huzimaliza kwa muda wa saa nane na nusu. Maelezo haya ndiyo niliyompa shemeji yangu kwa simu, na kwa sababu ya maelezo hayo sikumzika baba.

Ilikuwa katika miaka ya tisini, nikisomea shahada ya uzamili. Baba alikuwa azikwe Ijumaa alasiri, kwetu Timau. Shemeji, mume wa dada yangu, alikuwa na simu na pikapu huko Kanja, kwa hiyo yeye ndiye angenipokea uwanja wa ndege. Yeye ni Muembu, mimi ni Mmeru. Baina yetu tulitumia Kiswahili.

"Naondoka Alhamisi usiku," nilisema. "Safari ya ndege ni saa nane na nusu."

"Ijumaa, saa nane na nusu. Nimeshika, profesa. Usitoke hapo mpaka unione."

Nilitua asubuhi, nikasimama mlangoni na sanduku langu. Shemeji hakuwepo. Nilijiambia ni barabara imemchelewesha. Labda ni pancha. Nilifikiria kukodi teksi, kisha nikafikiria kwamba tungepishana njiani, naye angesema nimemdharau. Nilipomaliza kufikiri, jua lilikuwa utosini. Simu ya Kanja iliita tu. Wote walikuwa matangani.

Alifika saa nane na nusu kamili, amenyoa ndevu, anatabasamu.

"Kumbe ndege imewahi!"

"Nimetua tangu asubuhi."

"Si ulisema saa nane na nusu?"

"Nilisema safari. Urefu wa safari!"

"Hayo ni masaa. Ungesema masaa nane na nusu, hata mbuzi angeelewa. Saa ni ya ukutani, profesa."

"Wingi wa saa ni saa," nilisema. Nilisema hivyo kwenye maegesho ya magari, wakati baba anateremshwa kaburini.

"Basi mzike na sarufi yako."

Tulipopita Sagana alinieleza, bila kuulizwa, kwamba juzi aliwaambia watu wa Timau wasiningoje.

"Na hukunipigia kuhakikisha?"

"Nihakikishe nini? Msomi hasahihishwi."

Hapo ndipo nilipoanza kushuku, na bado nashuku. Anayeondoka Alhamisi usiku atakuwaje angani hadi Ijumaa alasiri? Mwanamume anayejua kupima safari ya Kanja hadi Nairobi kwa lita za petroli hakushindwa na hesabu hiyo. Aliielewa, au hakutaka kuielewa, sijaona tofauti.

Timau ilikuwa baridi. Mahema yalikuwa yanakunjwa, na udongo wa kaburi ulikwisha kupigwa kwa mgongo wa sepetu.

"Tulikuwa tumesema tukungoje," dada alisema, bila kumtazama mumewe. "Karibu ule."

Shemeji alitoka jikoni na birika na beseni, akaniinamia kwa adabu mbele ya watu wote, akaanza kumimina maji ya kunawa. Sikunyoosha mikono. Aliendelea kumimina, nami nikaendelea kumtazama, hadi maji ya birika yakaisha.