Yangeyange Mwenye Mdomo Mweusi

Watu walimwita Mama Soli, na jina hilo hakuwahi kulichukia. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akishona viatu kwenye kibanda cha mabati, hatua chache kutoka ziwani. Mteja akisimama mlangoni, yeye alianzia chini: alijua mguu upi unamwelemea kabla hajamtazama usoni. Kazi ikipungua, aligeuza kigoda akawaangalia ndege.

Mwaka huo, baridi ilipoanza kuachia na miti kuchipua, ofisi ya ziwa iliomba watu wa kusaidia kuhesabu ndege wa majini. Msimamizi alikuwa mkwewe, mume wa binti yake wa pekee, kijana msomi aliyemheshimu mno, hata salamu alimpa akitazama sakafu. Wakapangwa pamoja: mkwe darubini, mama fomu.

Mbali kwenye matete wakakuta ndege weupe wenye shingo ndefu. Ziwa hilo lina aina mbili zao, yangeyange mkubwa na yangeyange mdogo, na kwa mbali hufanana.

"Yangeyange wadogo, kumi na mmoja," mkwe akasema. "Andika, mama."

Mama Soli hakuandika. "Hao ni wakubwa, baba."

Mkwe akakohoa kidogo. "Mkubwa ana mdomo wa njano, mama. Hawa midomo yao myeusi. Hata kitabu kinasema."

"Hicho kitabu kiliwaona mwezi gani?"

Mkwe akapekua kurasa za kitabu.

"Wakianza kujenga viota, mdomo wa mkubwa hugeuka mweusi. Baadaye unarudi njano. Kila mwaka nawaona. Wewe angalia miguu. Mdogo ana miguu myeusi na vidole vya njano, utadhani kavaa soksi. Ya mkubwa ni myeusi mpaka kwenye kucha."

"Lakini wamesimama majini. Vidole sivioni."

"Basi tusubiri."

Wakasubiri. Mkwe alitazama saa, akatazama gati, ambako makundi mengine mawili ya wahesabuji yalikuwa yameshamaliza na kufika. Mama alikuwa ametulia juu ya jiwe.

"Hicho kiatu chako cha kushoto kinaachia soli," akamwambia. "Kilete kesho."

Mara mbwa akatoka mbio kwenye matete na kundi zima likaruka. Miguu ilining'inia nyuma, mirefu, myeusi tii. Mkwe aliwafuata kwa darubini mpaka wa mwisho.

"Wakubwa kumi," akasema polepole. "Na mdogo mmoja. Huyu wa nyuma ana soksi, mama."

"Alikuwa kajificha. Huyo kanipiga chenga," Mama Soli akakiri, naye akaandika.

Mkwe akacheka, kwa mara ya kwanza mbele yake. Kisha akapiga simu gatini: warudi wote, wahesabu upya, na safari hii watazame vidole. Walinung'unika, lakini walirudi. Kati ya wadogo arobaini walioandikwa asubuhi, ishirini na sita walikuwa wakubwa.

Kesho yake mkwe alimwomba azunguke na kila kundi hadi kazi iishe. Mama Soli alikubali bila kusita. Alifunga kibanda siku mbili, akatundika kipande cha boksi mlangoni: "Nipo ziwani. Mwenye haraka anifuate."